Kemia Iko Wapi?

Kila Ijumaa mchana, nyumba ya Harun huko Al Mansoura, mtaa wa Doha, hunukia wali wa nazi. Harun ni msimamizi wa idara ya dobi katika hoteli moja ya mjini. Siku nyingine hutoka kabla jua halijachomoza. Ijumaa huswali, hurudi nyumbani, na hula pamoja na mkewe Halima na binti yao Zuleikha.

Baada ya chakula huja jirani yao Charity. Yeye ni muuguzi, Mkenya wa Eldoret. Huja kumpima Halima sukari, kwa sababu Halima anaogopa kujichoma kidole mwenyewe.

Ijumaa moja ya Septemba, Charity alikitazama kipimo akatikisa kichwa.

"Ai, Mama Zuleikha, hii imepanda. Umekula nini?"

"Wali kidogo tu."

"Kidogo cha sahani mbili," alisema Zuleikha.

Wote walicheka, hata Halima. Lakini Zuleikha aliwaza sana kuhusu ugonjwa wa mama yake. Ndiyo sababu alitaka kusomea lishe, awafundishe wagonjwa kula vizuri. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili. Akimaliza wa pili, angehamia chuo kikuu na kuendelea na mwaka wa tatu.

"Ana A karibu kila somo," Harun alisema kwa fahari. Akamletea Charity karatasi ya matokeo, pamoja na orodha ya masomo ya muhula mpya.

Charity alisoma taratibu. Mawasiliano. Historia ya Sanaa. Utangulizi wa Biashara. Biolojia. Aligeuza ukurasa, akaurudia.

"Kemia iko wapi?"

Zuleikha alimtazama baba yake.

"Kemia ilimsumbua sekondari," Harun alisema. "Nikamwambia achukue masomo atakayofaulu vizuri. Chuo kikuu wanataka alama kubwa."

"Alama ni muhimu, Baba Zuleikha. Lakini wao huuliza mambo mawili: umepata ngapi, na umesoma nini. Mimi nilipotoka diploma kwenda digrii, walinikatalia masomo manne, haki. Nilirudia mwaka mzima."

"Sasa tufanyeje?" Halima aliuliza.

"Anzeni kule anakotaka kwenda, kisha mrudi nyuma. Nendeni chuo kikuu, muombe orodha ya masomo ambayo kozi ya lishe inayataka. Muulize yapi ya chuo cha jamii yanakubaliwa kule, na kwa alama gani. Mkipewa jibu, liwe la maandishi. Halafu mpeleke orodha hiyo kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwake. Mwisho wa kubadili masomo ni lini?"

"Jumanne," alisema Zuleikha.

Charity alipoondoka, Harun alimgeukia Zuleikha.

"Kwa nini hukuniambia unahitaji kemia?" aliuliza.

"Nilikuambia, baba. Nilisema nataka kuijaribu. Ukasema tusicheze na alama."

Harun aliketi.

"Kweli, ulisema," alikiri. "Niliogopa utaanguka. Nisamehe, mwanangu."

Jumapili, ambayo Doha ni siku ya kazi, aliomba ruhusa kazini. Walipanda metro hadi chuo kikuu. Harun alitaka kuzungumza yeye, kama alivyozoea. Lakini walipofika mbele ya karani, alimwachia Zuleikha aulize.

Karani aliwapa orodha. Kozi ya lishe ilitaka Biolojia, Takwimu, Kemia ya Kwanza na Kemia ya Pili, kila moja kwa alama C au zaidi.

"Naweza kusoma kemia zote mbili muhula mmoja?" Zuleikha aliuliza.

"Hapana. Ya pili haisomwi kabla ya ya kwanza. Usipoanza sasa, utachelewa mwaka."

"Naomba uniandikie hayo kwa barua pepe, tafadhali."

Alasiri walimwona mshauri wa chuo cha jamii. Alisoma barua pepe ile, kisha akafungua kompyuta. Darasa la kemia lilikuwa limejaa.

"Nitakuweka kwenye orodha ya kusubiri," alisema. "Uje kila asubuhi. Wapo wanaojitoa. Na tangu leo tunza muhtasari wa kila somo, ile karatasi inayoonyesha mada zote. Chuo kikuu wanaweza kuiomba."

Jumatatu hakuna aliyejitoa. Jumanne, saa nne asubuhi, mwanafunzi mmoja alijitoa. Zuleikha akaandikishwa.

Jaribio la kwanza alipata arobaini na moja kwa mia. Aliiweka karatasi mezani mbele ya baba yake. Harun aliitazama. Maneno ya zamani yalimjia mdomoni: acha, chukua somo rahisi. Aliyameza.

"Nani anaweza kukusaidia?" aliuliza.

"Kuna chumba cha mazoezi ya kemia. Wanafunzi waliotangulia hufundisha pale bila malipo. Naona haya kwenda."

"Nenda na hiyo haya yako, uiketishe pembeni yako."

Zuleikha alicheka huku machozi yakimlenga. Alikwenda siku tatu kila wiki. Kemia ya Kwanza alipata C. Kemia ya Pili alipata B, na Takwimu pia.

Alipoomba kuhama, chuo kikuu kilitaka kujua alisoma nini hasa katika Biolojia. Alituma muhtasari siku hiyohiyo.

Mwezi wa Juni jibu lilikuja. Amekubaliwa kozi ya lishe, mwaka wa tatu. Masomo mawili tu hayakuhesabiwa: Biashara na Historia ya Sanaa.

"Hayo niliyachagua mimi," Harun alisema polepole.

"Historia ya Sanaa niliipenda, baba. Ile nyingine ni yako kabisa."

Halima alipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua milango.

Wiki iliyofuata, kazini, Twaha, dereva wa hoteli, alimfuata Harun penye mashine za kufulia. Binti yake alikuwa anaanza chuo cha jamii.

"Wewe umefanikiwa, kaka. Niambie nimchagulie masomo gani."

Harun alizima mashine ili wasikilizane.

"Yeye anataka kuwa nani?"

"Sijamuuliza," Twaha alisema.

"Basi muulize leo," Harun alisema. "Mengine yote yanaanzia hapo."