Tumbo Lililochafuka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia kibanda cha baba yake, akaokota pini zilizodondoka na kupanga vitambaa vya wateja rafuni. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na kibanda kilikuwa mbele ya nyumba yao. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akifagia, aliongea akila, na siku moja aliongea akipiga mswaki hadi povu likarukia suruali ya mteja.

Hata hivyo, jambo moja alilikalia kimya. Kwa miezi mingi tumbo lilikuwa likimsumbua. Lilijaa gesi, likamsokota mpaka akajikunja, naye akipata choo, maumivu yalipungua. Wiki moja aliharisha, iliyofuata choo kilikuwa kigumu. Siku za mitihani ndiyo balaa zaidi. Nyumbani kwao kutaja mambo ya chooni kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu, kwa hiyo alisema maneno yale yale tu: "Bibi, tumbo limechafuka."

"Basi tulisafishe," bibi alijibu. Alikuwa mtu wa vitendo. Alikoroga dawa ya unga ya kusafisha tumbo, akamsimamia mjukuu wake mpaka kikombe kikabaki kitupu. Kesho yake Chiriku alishinda chooni, na bibi akaridhika kwamba uchafu unatoka. Tumbo lilipochafuka tena, bibi aliongeza kijiko. Alimpenda sana Chiriku, na kwa upendo huo huo alikuwa akimtesa bila kujua.

Ikafika siku ya mtihani wa majaribio wa hesabu. Msimamizi alikuwa mwalimu wao wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Rula kwa jinsi alivyosimama wima. Chiriku hakuwa amemaliza ukurasa wa kwanza tumbo lilipoanza kusokota. Aliomba ruhusa, akatoka. Alirudi, akaandika kidogo, akanyoosha mkono tena.

"Kwani majibu umeyaficha huko nje?" Rula aliuliza.

Darasa likaangua kicheko. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitoka mbio na hakurudi mpaka kengele ilipolia. Karatasi yake ilibaki nusu tupu.

Mchana Rula alimwita ofisini. "Hesabu unaziweza, najua. Nini kilikutoa nje?"

Chiriku alitazama viatu vyake. Jibu lilikuwa fupi, lakini angelitamkaje mbele ya mwalimu? "Sikujua majibu, mwalimu," alisema. "Nikaona nipoteze muda tu."

Ndivyo alivyokuwa huyu msichana. Aliona afadhali aitwe mvivu kuliko kusema anaharisha.

"Basi siwezi kumpeleka kwenye mtihani wa mwisho mtu anayekimbia karatasi," Rula alisema kwa masikitiko. "Nitapendekeza urudie darasa. Jumatatu uje na mzazi wako."

Jioni hiyo baba alisikia habari hizo, akaondoa mguu kwenye cherehani. "Hesabu zimekushinda wewe? Wewe unayenipigia mahesabu ya vitambaa?"

Chiriku alianza kulia. Wenzake wangekwenda sekondari, yeye angebaki nyuma mwaka mzima kwa uongo wake mwenyewe. Hapo aibu ikamwisha. Alieleza yote: gesi, kusokotwa, kuharisha, choo kigumu, na jinsi asubuhi nyingine alivyokwenda shule bila kula ili tumbo lisimwumbue.

"Lakini mimi si namsafisha kila mara!" bibi alidakia kutoka dirishani.

Kesho yake wote watatu walikwenda zahanati. Daktari, mama mwenye sauti ya taratibu, alimwuliza Chiriku maswali bila kupepesa macho. Je, choo kina damu? Amepungua uzito? Anapata homa? Maumivu humwamsha usiku? Chiriku alijibu hapana kwa kila swali. Bibi naye akaeleza dawa yake ya unga. Daktari alimpima damu na choo, akaagiza warudi baada ya siku chache. Majibu yalipotoka, hayakuonyesha minyoo wala maambukizi.

"Utumbo wako ni mwepesi kuchokozeka," daktari alisema. "Hofu huuchokoza, njaa huuchokoza, na vyakula vingine pia. Watu wengi wanao ugonjwa huu. Hauambukizi wala hauui, ila unasumbua kweli. Hiyo dawa ya kusafisha tumbo aiache kabisa."

Bibi hakukubali haraka. "Daktari, tumbo linachafuka! Lisisafishwe?"

"Bibi, bahari ikichafuka, huwa tunaisafisha?"

"Tunangoja itulie," bibi alisema.

"Ndiyo hivyo. Tumbo la mjukuu wako si chafu. Limevurugika tu, linataka kutulizwa."

Bibi alijishika shavu. "Maskini mimi! Kumbe nilikuwa natibu neno!"

Daktari alimpa Chiriku dawa ya kutuliza msokoto. Alimwambia ale kidogo kidogo kwa saa zinazojulikana, atafune polepole, anywe maji, atembee, na aangalie ni chakula gani kinachomletea shida. Hofu ikimjia, avute pumzi taratibu. Akiona damu au akianza kukonda, arudi upesi.

Jumatatu baba alimsindikiza shuleni, lakini mlangoni pa ofisi alisimama. "Mwalimu ulimdanganya wewe," alisema. "Maneno ni yako."

Chiriku aliingia. "Mwalimu, nilikudanganya. Majibu nilikuwa nayajua. Nilitoka kwa sababu tumbo lilinisokota nikaanza kuharisha. Nilikwenda hospitali, daktari amesema nina ugonjwa wa utumbo."

Rula alivua miwani. "Nami nilikutania mbele ya wenzako badala ya kukuuliza. Samahani, binti yangu. Utafanya mtihani, na utakaa karibu na mlango. Msimamizi nitamweleza mwenyewe."

Tumbo halikupona kama mtu anayezima taa. Chiriku aligundua kwamba maharage mengi humjaza gesi, na kwamba kifungua kinywa chepesi kilimfaa kuliko njaa. Wiki nyingine zilikuwa nzuri, nyingine mbaya, ila mbaya zilipungua.

Siku ya mtihani wa mwisho, tumbo lilianza tena katikati ya hesabu. Chiriku alivuta pumzi, akanyoosha mkono. Msimamizi alimsindikiza, akamrudisha. Hakuna aliyecheka. Alifika swali la mwisho na akapata hata nafasi ya kurudia majibu yake.

Nje, Rula alikuwa akiwangoja wanafunzi wake pamoja na baba yake Chiriku.

"Umemaliza?" mwalimu aliuliza.

"Yote, mwalimu."

"Basi shika neno hili. Ulithubutu kusema uongo uliotaka kukurudisha nyuma mwaka mzima, ukaogopa kusema kweli ya dakika moja. Ukiumwa, mweleze mkubwa unavyoumwa hasa, hata kama ni jambo la chooni. Hatuwezi kukusaidia kwa jambo tusilolijua."

"Nimeelewa, mwalimu. Naomba niende sasa."

"Wapi tena?"

"Chooni!" Chiriku alijibu, kwa sauti iliyosikika hadi getini, akaondoka bila kukimbia.