Vidole Vitano Juu ya Pedali

Jumatano ile ilianza kama Jumatano nyingine yoyote. Mjukuu wangu alifua, akaanika, akapasha chai iliyolala, kisha akakaa mlangoni kupaka rangi ukucha mmoja tu. Kidole gumba cha mkono wa kulia, rangi nyekundu. Wapiga gitaa wengi hufuga kucha za mkono ule ili wachune nyuzi vizuri. Yeye alizifuga na ule mmoja akaupamba, ndiyo maana bendi nzima ikamwita Kucha. Hata mimi bibi yake nilishazoea.

Jumamosi kaka yake alikuwa anaoa. Marehemu baba yao, mkwe wangu, aliwaachia wimbo mmoja. Hakuwahi kuurekodi. Alikuwa akiupiga kwenye ngazi za ghorofa walikokaa, akitoka kazini, maana pale ukuta ulimrudishia kila sauti mara mbili. Alisema utapigwa siku mtoto wake wa kwanza atakapooa. Akafa. Wimbo ukabaki mahali pamoja tu duniani, kwenye vidole vya Kucha.

"Ukumbi wa harusi hauna ngazi, mjomba," Kucha alisema. "Nataka pedali ya mwangwi. Ya bei ya watu kama sisi."

Pedali, kwa asiyejua, ni kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Gitaa linaingia kwa waya upande huu, sauti inatokea upande ule kwenda kwenye spika, imeshabadilika. Mjomba wake ni mwanangu wa mwisho. Anapiga gitaa la besi na watu wanamwita hivyohivyo, Besi. Mwili wa kabati, moyo wa kifaranga.

Walikwenda kwa fundi anayeuza vifaa vilivyotumika, mchana, jua liko utosini. Fundi akawapangia pedali tatu mezani, akarudi kwenye redio yake aliyoipasua tumbo.

Ya kwanza ilikuwa ya njano, ya plastiki. Besi akaipima mkononi.

"Hiki kisahani cha sabuni. Ukikikanyaga kwa hasira umenunua vipande."

"Sikiliza kwanza." Kucha akachuna uzi mmoja. Mwangwi ukarudi mkavu, kama wa mtu anayeongea ndani ya ndoo, lakini ulirudi kwa adabu, ukafifia wenyewe. "Haina utamu, lakini haidanganyi."

"Sura ya mdoli."

"Nitaikanyaga, mjomba. Siolewi nayo."

Ya pili ilikuwa ya chuma, ya kijani, nzito, vitufe vyake vinazunguka kama vimepakwa mafuta. Besi aliipenda kabla hajaisikia. Walipoichomeka ikanguruma kama friji bovu, na nyuzi hazijaguswa.

"Suti ya waziri, tumbo la njaa," Kucha akasema, na hata fundi akacheka.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu. Haikuwa na jina la kampuni. Vitufe vitatu. Chini ya viwili mtu ameandika kwa mkono MUDA na KIASI, chini ya cha tatu hakuna kitu. Juu, pale pa kukanyagia, rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kikaonekana. Haikulika kwa duara, kama soli ya kiatu inavyokula. Vilionekana vidole vitano, na kisigino.

"Nani anapiga jukwaani peku?" Besi akanong'ona.

Fundi hakuinua kichwa. Kicheko kilikuwa kimemkauka. "Ilikuja na mzigo. Jaribuni kwa nyuzi tupu tu. Msipige kitu chenu."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa la wapiga gitaa wote. Mpe mmoja wao kifaa kigeni ajaribu, kichwa kitasema napiga chochote tu, lakini mkono utakimbilia kile unachokipenda kuliko vyote. Kucha akakanyaga, taa nyekundu ikawaka, mkono ukaingia kwenye wimbo wa baba yake. Kipande cha kwanza. Noti saba, kisha akajizuia.

Pedali ikamrudishia. Zilikuwa ngazi zilezile. Ukuta uleule, lango la chuma kule chini, hata ubaridi wa sakafu. Machozi yakamtoka.

"Tunachukua hii," akasema.

Alipokuwa anakunja waya ndipo akaona ukucha wake mwekundu umekatika. Sawasawa, kama kwa mkasi. Aliinama akatafuta kipande chini ya meza. Hakukiona.

Alhamisi, saa nane mchana, nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nikamsikia Kucha anaanza, anaacha. Anaanza, anaacha. Nikanawa mikono nikaenda chumbani.

"Bibi, mwanzo umepotea."

"Utarudi. Kunywa maji, mama."

"Sijausahau, bibi. Vidole havina kitu."

Nikasema basi nimwimbie, maana na mimi nilikuwa nimeusikia miaka nenda rudi, hata nikikatia vitunguu. Nikafungua mdomo. Hakukuja kitu. Palikuwa na shimo pale ulipokuwa wimbo, kama pengo la jino.

Akaichomeka ile ya kijivu apate moyo. Akakaa. Hakugusa nyuzi.

Taa ikawaka yenyewe.

Noti saba zikatoka kwenye spika. Safi. Ule ulikuwa mkono wa mkwe wangu, namjua. Kisha kimya. Lakini si kimya cha kitu kilichokwisha. Kimya cha mtu aliyekinga kiganja.

Besi alifika akitafuna, akaona nyuso zetu, akaacha kutafuna.

"Toa betri," akanong'ona.

Kucha akatoa betri, akachomoa na waya. Taa haikuzimika. Tik. Swichi ikashuka. Tik. Ikapanda. Pale juu, kwenye chuma kitupu, ukatokea mvuke mdogo, kama mtu mwenye mguu wa moto ametoka kuunyanyua. Noti saba tena. Kimya tena.

"Inataka kipande cha pili," Kucha akasema.

"Tukaitupe mtoni. Sasa hivi."

"Iondoke na mwanzo wa baba yangu? Thubutu!"

Akavuta kistuli, akakaa mbele ya kile kisanduku, magoti yakikigusa, vilevile alivyokuwa akikaa mbele ya baba yake akiwa na miaka tisa. Akaweka gitaa pajani.

"Rudia," akakiambia.

Tik. Noti saba. Yeye akatega sikio, akaitafuta noti ya kwanza kwenye uzi, akaikosa, akaipata.

"Rudia."

Ya pili. Ya tatu. Nami nikaona kitu. Kila noti aliyoipata yeye, kule kwenye spika ilikuwa inapungua. Zikatoka sita. Zikatoka tano.

Kisanduku kikatambua.

Kitufe kisicho na jina kikaanza kuzunguka. Polepole. Hakuna mkono. Noti zikaongeza mbio, zikapanda juu ya nyingine, zikachafuka. Chumba kikawa baridi, na nje nguo zangu zinakauka juani. Kitanda kikasogea. Besi akanishika bega, mwanaume mzima, analia.

"Mwache," nikamwambia. "Anasoma."

Ya nne. Damu kwenye kidole. Ya tano.

"Polepole!" akakifokea. "Umeiba, sasa fundisha!"

Ya sita. Taa ikapepesa. Ikabaki noti moja tu kwenye spika, ile ya mwisho, inavutwa, inavutwa, kama kamba yenye mtu kila upande. Akaitafuta. Jasho linamtiririka kwenye ule ubaridi. Akaipata.

Kimya.

Kisha akazipiga zote saba, kwa sauti ya gitaa tupu, bila spika. Na mimi kichwani mwangu pengo likazibika, nikajikuta naimba.

Tik, ikafanya pedali. Tik tik tik tik. Hakuna kilichotoka.

"Hupati," Kucha akasema. "Hata noti moja. Mjomba, nipe bisibisi."

Kulikuwa na misumari minne ya skrubu chini. Akaifungua yote. Ndani hamkuwa na waya hata mmoja, wala bodi ya umeme. Mlikuwa na kucha. Kucha za watu, zimejaa pomoni, ndefu, za kufugwa. Nyingine zimeshakuwa za njano kwa uzee. Nyingine nene, nyingine nyembamba za watoto wanaoanza kujifunza. Juu kabisa kilikuwa kipande kimoja chekundu, rangi haijachubuka.

Alichukua kile chake tu. Nyingine akazimimina kwenye jiko langu la mkaa, maharage yakiwa bado juu ya meza. Zilinuka. Na zilipokuwa zinaungua, ile spika, ambayo haikuchomekwa popote, ikaanza kutoa nyimbo. Nyimbo ambazo sikuwahi kuzisikia. Moja, mbili, arobaini, zinapishana mlangoni kama watoto waliofunguliwa shule, zinatoka nje, kila moja inashika njia yake. Halafu spika ikatulia. Lile kasha la kijivu Besi akaliponda kwa nyundo mpaka likawa kama sahani.

Ijumaa Kucha alirudi kwa fundi kununua kisahani cha sabuni. Alimkuta ameiacha redio, amekumbatia gitaa bovu lenye nyuzi nne, anapiga kitu cha zamani huku machozi yanadondokea ubaoni. Kucha zake za mkono wa kulia zilikuwa zimekatwa zote. Sawasawa, kama kwa mkasi.

"Ungetuambia, fundi."

"Ningewaambia nini, mwanangu? Mngenicheka." Akaifunga ile ya njano kwenye gazeti. "Chukua hii bure. Jana baada ya saa nane mchana mke wangu alinisikia naimba jikoni. Miaka kumi na moja sikuimba, na kucha zangu hazikuota."

Harusini Kucha alivaa buti. Akaikanyaga ile pedali ya njano, akaupiga wimbo wa baba yake wote, mwanzo hadi mwisho. Mwangwi ulirudi mkavu, wa ndoo, wenye adabu. Bwana harusi alilia mpaka akapewa kitambaa cha meza.

Jumapili nilikuwa nafuta vumbi. Nikaiona ile pedali juu ya kabati. Rangi ya njano ilikuwa imelika pale pa kukanyagia. Vidole vitano, na kisigino.

Nikamwita. Akatazama. Akaenda akaleta chupa yake ya rangi nyekundu ya kucha, akapaka juu ya vile vidole, kimoja kimoja, bila haraka, kama anampamba mtu. Ikakauka. Akavaa buti, akakanyaga palepale, kwa nguvu, akapiga.

Bado anafanya hivyo kila Jumapili. Kila Alhamisi, saa nane mchana, vidole vinakuwa vimetokea tena.

Tuko chupa ya nne sasa.