Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

Mzee Kan alikutwa amekufa kitandani alfajiri, nyumbani kwake Zhudong, mji mdogo wa mkoa wa Hsinchu, na mashine ya kumpumulia ilikuwa bado inafanya kazi. Hilo ndilo lililomfanya daktari apige simu polisi badala ya kuandika cheti na kwenda zake. Mpira wa hewa ulikuwa umechomoka shingoni mwa mzee, mashine inapulizia godoro, na kioo chake kinaonyesha rangi ya kijani kikisema mgonjwa anapumua vizuri.

Inspekta Fan Chiang, mwanamke wa makamo aliyezeekea kazini Hsinchu, alifika watu hawajanywa chai. Aliyeikuta maiti alikuwa binti wa marehemu, Kan Su-hsin, ambaye kila usiku alilala kwenye mkeka kando ya kitanda hicho. Alieleza kwamba alimgeuza baba yake ubavu, kama ilivyo desturi kwa mgonjwa asiyejiweza, kisha akajilaza. Mpira ukichomoka, mashine hupiga king'ora cha kuamsha mtaa mzima. Usiku ule haikupiga. Alipoamka mwenyewe, baba alikuwa keshapoa.

Juu ya mashine palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi. Inspekta hakuishangaa. Hsinchu hakuna mashine ya maana isiyowekewa pakiti hiyo kichwani ili itulie na kutii, iwe ya benki au ya hospitali. Hata kompyuta kuu ya kituo chake mwenyewe ilikuwa nayo. Lazima iwe ya kijani, isifunguliwe, na tarehe yake isipite, maana ikipita mashine hununa. Aliigeuza akasoma tarehe, akaona ni mpya kabisa.

Mdogo wake Su-hsin, Tsung-lin, alikuja kutoka Taipei akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alilia kidogo, kisha akamvuta Inspekta pembeni.

"Afande, muulize dada programu ya mashine hii iliandikwa na nani."

Ilikuwa imeandikwa na Su-hsin. Alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya mashine za hospitali kule eneo la viwanda, na baba yake alipougua aliomba apewe mojawapo ya zile mpya. Tsung-lin alisema dada yake alikuwa amechoka. Aliwahi kumwambia kwa simu, huku analia, kwamba hajui ataendelea hivi mpaka lini. Inspekta alimuuliza yeye mwenyewe alikuja mara ngapi kumgeuza mzee. Kijana akaangalia viatu vyake.

Lakini maneno ni maneno, na maabara ya polisi nayo ilikuwa na ya kwake. Mtaalamu aliiwasha mashine, akauchomoa mpira kwa mkono wake, na mashine ikanyamaza kama maji ya mtungi. Alipoifungua akagundua kwamba inasoma kipimo cha hewa mara moja tu, inapowashwa, kisha inashikilia jibu hilo hilo daima. Programu aliyoiandika Su-hsin, nakala waliyoichukua kwenye kompyuta yake, iliamuru kipimo kisomwe tena na tena bila kukoma. Kwa kifupi, kilichoandikwa kilikuwa kimoja na kilichokuwa ndani ya mashine kilikuwa kingine.

Tsung-lin aliposikia alisema dada yake alitengeneza programu moja ya kuonyesha watu na nyingine ya kuua. Mwendesha mashtaka naye akaona hivyo hivyo. Su-hsin akawekwa mahabusu, na kama asingepatikana mwingine, angekwenda jela kwa kumuua baba yake mzazi.

Inspekta alimhoji siku hiyo hiyo. Su-hsin alijibu kila swali kwa sauti ya chini, mikono mapajani. Alikana kuwa na nakala mbili. Aliandika moja tu. Ila mashine haiwezi kusoma anachoandika mtu. Lazima kitafsiriwe kwanza.

"Anayetafsiri ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Si mtu, afande, ni programu. Tunaiita kompaila. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na kila aina ya prosesa ina lugha yake, hata sisi tukiandika maneno yale yale. Ukiiambia kompaila iende taratibu, inatafsiri neno kwa neno. Ukiiambia ibane ili mashine ikimbie, inaacha kila inachoona kinarudiwa bure."

"Na kusoma kipimo tena na tena, je, si kurudia bure?"

Su-hsin alianzia mbali. Alisema mashine za zamani zilikuwa na prosesa aina nyingine, na kompaila iliendeshwa taratibu, miaka yote king'ora kinalia. Mwaka huu kampuni ilihamia prosesa mpya. Anayeendesha kompaila na kufanya jaribio la mwisho ni Mwalimu Shih, mkuu wa mafundi, aliyemfundisha yeye kazi. Kama kungekuwa na kasoro, Mwalimu angeiona. Yule si mtu wa kuruka hatua.

"Aliwahi kunirudisha dukani mvua inanyesha," alisema, "kwa sababu pakiti niliyoileta ilibakiza wiki mbili tu. Alisema mashine isiyoheshimiwa haiwashwi."

Inspekta alianza na Bwana Ouyang, meneja wa manunuzi, kwa sababu ndiye aliyeleta prosesa mpya, na kwa sababu alikuwa na uso wa mtu anayefaa kufungwa. Ouyang alimpokea kwa chai nzuri na maneno mengi. Alikiri kwamba alichagua prosesa hiyo kwa unafuu wa bei yake. Lakini akamkumbusha Inspekta kwamba prosesa za aina ile zimo kwenye lifti anazopanda na kwenye jiko la mama yake, na hazijaua mtu. Mtaalamu wa maabara alithibitisha kwamba prosesa haikuwa na kasoro, na kwamba ilifanya ilichoambiwa. Inspekta alirudi mikono mitupu, na kusema kweli alisikitika, maana Ouyang angemfaa sana.

Akabaki Shih Po-hsun. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mpole, anayetembea ameinama kidogo, na kila fundi aliyepishana naye alisimama kumwamkia. Aliwapeleka Inspekta na Ouyang, aliyekuja kuwasindikiza, katika chumba cha majaribio. Rafuni palikuwa na mashine mbili zinazofanana kama pacha, moja ya prosesa ya zamani na nyingine ya prosesa mpya, kila moja na pakiti yake kichwani.

Inspekta aliuliza jaribio la mwisho lilifanywa kwa mashine ipi. Mwalimu Shih akaonyesha ile mpya. Lini? Mwezi wa tano, wiki nzima, mpira ukichomolewa na kurudishwa, na king'ora kililia kila mara. Nani alikuwepo? Yeye peke yake; jaribio la mwisho huwa halifanywi na mwingine. Aliyasema yote bila kigugumizi. Akaongeza kwamba anamwonea huruma Su-hsin, kwamba kumuuguza mzazi kunaweza kumvuruga mtu akili.

Inspekta alichukua pakiti iliyokuwa juu ya mashine ya zamani. Ilikuwa mpya. Akachukua ile ya mashine mpya, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akasoma. Tarehe yake ilikuwa imepita tangu mwezi wa kwanza.

"Mwalimu," alisema, "mwezi wa tano uliiwasha mashine hii wiki nzima ikiwa na hii kichwani?"

Ouyang alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. Shih aliitazama pakiti.

"Ile ni imani tu, Inspekta. Ukiipeleka mahakamani watakucheka."

"Watanicheka. Wewe mbona hucheki?"

Inspekta akamwambia kwamba mashine zile huhesabu zenyewe saa zilizowashwa, hilo alikwisha kulisikia maabara, na kwamba hii itaondoka naye leo. Kama iliwashwa wiki nzima, atarudi hapa kumwomba radhi kwa magoti. Siku za mwizi ni arobaini, wahenga walisema, lakini huyu hakuwa na sura ya mwizi, na hilo lilimuuma Inspekta kuliko kesi yenyewe.

Shih alivuta kiti akakaa.

"Hutakuta hata saa moja," alisema. "Sikuiwasha. Nilijua itaniambia nini."

Alieleza taratibu, kama anayefundisha. Kompaila ilipotafsiri neno kwa neno, prosesa mpya, aliyoijaribu mezani ikiwa nje ya mashine, ilielemewa, pumzi zikachelewa. Akaiamuru ibane kwa nguvu zake zote, na pumzi zikaja kwa wakati. Yeye ni mtu wa zamani, anaweza kuisoma lugha ya prosesa kwa macho, kwa hiyo akaisoma tafsiri mstari kwa mstari. Akafika mahali pa kipimo. Kompaila ilikuwa imeangalia programu nzima, haikuona mahali popote panapobadilisha kipimo kile, ikakata shauri kwamba kukisoma mara moja kunatosha. Haikujua kwamba kinachokibadilisha kiko nje, kwenye kifua cha mgonjwa.

"Kuna alama ya kuwekwa kwenye programu," alisema, "ya kuionya kompaila kwamba kitu fulani hubadilika chenyewe, isikiguse. Su-hsin hakuiweka. Kwa prosesa ya zamani hatukubana, kosa halikuonekana. Ningemwita akaiweka, kazi ya dakika moja. Lakini programu ikiguswa, ukaguzi wa serikali unaanza upya, miezi. Wenye kampuni walishasema tukichelewa wanaifunga idara yetu. Vijana wangu thelathini, Inspekta. Basi nikafanya jaribio kwa mashine ya zamani, nikaandika kwamba ni mpya. Nikajiambia alama nitaitia kimya kimya kwenye toleo lijalo. Mpira unachomoka mara ngapi?"

"Ulijua baba yake ataitumia?"

"Mimi ndiye niliyesaini apewe. Nilikwenda kumwona mzee, nikapeleka mapeari." Alifumba macho. "Mashine ilikuwa inapumua vizuri sana."

"Na alipokamatwa ukanyamaza. Ukaniambia ameugua akili."

"Ndiyo," alisema Shih. "Maneno hayo nilikuwa nimeyaandaa kabla hujaja."

Kikulacho ki nguoni mwako. Polisi walimtoa nje pale pale, na vijana wake thelathini walisimama kumwamkia kwa sababu hawakujua bado. Idara ilifungwa kabla wiki haijaisha. Kampuni ilituma watu kukusanya mashine majumbani, lakini baadhi ya familia walifunga milango, maana hawakuwa na mashine nyingine ya kumpumulia mgonjwa wao. Wakabaki wanalala kwa zamu, wakiukodolea mpira macho.

Inspekta alikwenda mahabusu mwenyewe kumfungulia Su-hsin. Njiani alinunua bakuli la tambi za mchele, kwa sababu hakutaka kufika mikono mitupu. Alimweleza yote: jaribio la uongo, kompaila iliyobanwa, kukiri kwa Shih. Alimwambia kwamba yuko huru na mashtaka yamefutwa. Kuhusu alama hakusema kitu.

Su-hsin alisikiliza hadi mwisho. Tambi hakuzigusa.

"Ile alama kwenye kipimo," aliuliza, "nilikuwa nimeiweka?"

Inspekta alikuwa amewadanganya majambazi wengi katika maisha yake, na kila mara uongo ulimjia wenyewe. Sasa aliutafuta asiupate.

"Hukuiweka," alisema.

Su-hsin aliitikia kwa kichwa taratibu. "Nilijua tangu uliponiuliza kuhusu kurudia bure. Nikasema nisubiri, labda utanipatia mtu mwingine."

"Nimekupatia. Mwalimu wako aliliona kosa, akalificha."

"Yeye aliliona. Mimi ndiye niliyelifanya," alisema Su-hsin. "Kompaila haina kosa, afande. Ilifanya tulichoiambia."

Tsung-lin alikuwa nje ya kituo, amesimama karibu na gari, bila miwani. Alimfungulia dada yake mlango. Su-hsin alikaa kiti cha nyuma. Karani alitoka mbio na mfuko wa vitu vya ushahidi vilivyokuwa havihitajiki tena, akamtaka asaini. Ndani mlikuwa na shuka, kitana cha mzee, na pakiti ya kijani. Su-hsin aliitoa akaigeuza. Tarehe yake ilikuwa bado haijapita.