Vidole vya Papai

Sekela ana miaka saba. Ana mapengo mawili. Na ana kisukari.

Wiki hii Sekela yuko kambini Tukuyu, katikati ya mashamba ya chai. Watoto wote wa kambi hii wana kisukari. Wamekuja kujifunza kujitunza.

Kabla ya kula, kila mtoto hupima sukari yake. Ananawa. Anajikausha. Anajidunga kidole, tii! Tone la damu linaingia kwenye kipimo. Pii! Namba inatokea.

Wa kwanza kumaliza ndiye anayegonga rimu la gari kwa chuma, pale nje ya jiko.

Ngaa! Ngaa! Ngaa! Chakula tayari!

Na wa kwanza ni nani? Jumatatu, Tumpe. Jumanne, Tumpe. Jumatano... mnajua wenyewe.

Roho ikamuuma Sekela. Ikamuuma, ikamuuma.

"Kila siku yeye tu!" akanung'unika. "Kwani mimi sina mikono?"

Alhamisi, watoto walimenya mapapai ya mchana. Yalikuwa yameiva, tepetepe! Maji yake yakachuruzika mpaka viwikoni.

"Haya wanangu, tukapime!" akaita Nesi Subilaga.

Watoto wakapanga foleni bombani. Foleni ndefu hiyo! Na mbele kabisa kasimama nani? Tumpe.

Roho ikamuuma Sekela. Ikamuuma, ikamuuma.

"Leo hanipati," akasema moyoni. Akaiacha foleni. Akajifuta mikono kwenye sketi, fya, fya. Akakimbilia kipimo.

Tii! Pii!

Ishirini na nne.

Sekela akaganda. Namba hiyo ni kubwa mno!

"Nesi! Sijala kitu! Haki ya Mungu, hata kipande!" Machozi yakamlengalenga.

Tumpe alikuwa ameshanawa. Alikuwa ameshashika kisindano chake. Akakiweka chini, akaja mbio. Akamshika Sekela mkono. Vidole vikanata.

"Sekela, umenawa?"

Sekela akaitazama sketi yake.

"Basi hiyo ni sukari ya papai," akasema Tumpe. "Hata mimi nilishapima na embe kidoleni. Nililia mpaka kamasi."

Sekela akacheka, huku analia.

Nesi akaleta maji na sabuni. Sekela akanawa. Akajikausha. Tii! Pii!

Saba.

"Saba! Hiyo ndiyo yako," akasema Nesi. "Na leo wa kwanza ni wewe, wenzako bado wako bombani. Shika chuma, kagonge."

Sekela akashika chuma. Jamani, alivyokitamani! Akamtazama Tumpe. Kisindano cha Tumpe kilikuwa bado mezani. Tumpe hakuwa amepima. Alikuwa anamsaidia yeye.

Roho ikamuuma Sekela. Lakini safari hii haikuwa wivu.

"Pima, Tumpe," akasema. "Nakungoja."

Tii! Pii!

Wakashika chuma wote wawili.

Ngaa! Ngaa! Ngaa! Chakula tayari!

Jioni, watoto wakapanda vitandani. Sauti ndogo ikatoka kitanda cha chini. Alikuwa Gwantwa, mdogo kuliko wote kambini.

"Dada Sekela... kila siku ninyi tu. Roho inaniuma."

Sekela akachungulia kutoka juu.

"Inauma sana?"

"Sana."

"Kesho tunanawa pamoja," akasema Sekela. "Nitakushikia sabuni."