Nilimwambia Mavyaa Afe, Kisa Gemu ya Simu

Nina miaka thelathini na tatu. Ni fundi wa kushona nguo, na sasa naishi Mtambile, Pemba, kwa wazazi wangu, katika chumba kile kile nilichotolewa siku ya harusi yangu. Mume sina tena. Hakuna aliyenilazimisha kuyaandika haya. Nayaandika kwa sababu najichukia, na nimechoka kujichukia kimya kimya...

Wasomaji wenzangu, msinionee huruma haraka. Nisomeni kwanza.

Niliolewa Mkoani na Faki, karani katika ofisi moja karibu na bandari. Mtu mpole, hana makuu. Tuliishi miaka tisa bila kujaaliwa mtoto, na mnajua wenyewe ulimwengu ulivyo kwa mwanamke asiyezaa. Lakini mavyaa wangu, Bi Mkasha, mama yake Faki, hakuwahi kunisimanga hata siku moja! Wanawake wa jirani walipomuuliza mjukuu yuko wapi, aliwajibu, "Mwana wangu ni huyu Zuwena. Mwataka wangapi?"

Huyo ndiye mtu niliyemtendea nitakayowasimulia.

Mwaka juzi Bi Mkasha alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ukapooza. Nikahamishia cherehani yangu nyumbani ili niwe karibu naye. Nilimwogesha, nilimlisha uji, nilimkokota kumpeleka chooni. Sikuona uzito wowote. Wallahi sikuona!

Sasa aingie Raya.

Raya ni shoga yangu tangu utotoni. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tulikula sahani moja, hata nguo tuliazimana. Yeye aliolewa Unguja. Mwanzo tulipigiana simu kila siku, kisha kila wiki, kisha ikawa Idi kwa Idi. Nilimkosa sana. Kutwa nzima ndani na cherehani na mgonjwa, nani wa kuzungumza naye?

Siku moja akanipigia, akaniambia kuna gemu ya simu anacheza. Watu wanne timu moja, kila mmoja yuko kwake, na mnasikizana sauti kama mmekaa jamvi moja. "Ingia, Zuwena," alinambia. "Tutakuwa pamoja kila siku kama zamani."

Kama zamani! Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoniponza.

Gemu yenyewe ni hivi: mnashushwa kwenye kisiwa, watu mia hivi, mnaokota bunduki majumbani, mnauana mpaka ibaki timu moja. Mimi maisha yangu sijashika hata manati. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachokutembeza, cha kulia ndicho kinachopiga risasi na kukugeuza shingo. Mimi nikitaka kwenda mbele, natazama mbinguni. Nikitaka kupiga, nachuchumaa. Siku ya kwanza niliuawa nikiwa bado najaribu kufungua mlango. Siku ya pili niliuawa, wala sijui risasi ilitoka wapi. Siku ya tatu nilijitupia bomu mwenyewe!

Nilidhani mgeni hupewa wageni wenzake. Lahaula! Raya alikuwa fundi wa miaka mitatu, na kwa kuwa niko timu yake, nilikutanishwa na mafundi wenziwe. Kila siku mtu wa kwanza kufa ni mimi. Kila siku! Kisha unakaa dakika ishirini unawatazama wengine wakicheza, huku unasikia unavyosemwa.

Timu yetu ilikuwa na wanaume wawili niliowajua kwa majina ya humo tu, Komando na Chui. Sijawahi kuziona sura zao. Waliniita Mzigo. "Leo tena tumepewa Mzigo?" Nikiuliza jambo kwa lahaja yetu, nikasema "jamani mie nende wapi, kuno au kule?" wao hucheka mpaka wakakohoa, wakaniiga. Kuno, kuno, kuno! Yakawa ndiyo salamu yao. Walinitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, mpaka na mama yangu mzazi wakamtia.

Na Raya? Raya alicheka nao. Nikimlalamikia pembeni huniambia, "Yakhe, ndiyo michezo ya humo. Usiwe na roho nyepesi."

Mtanikatiza mniulize, kwa nini sikutoka? Ninajiuliza mwenyewe mpaka leo. Mtu unatukanwa, unadhalilishwa, kisha kesho unanunua bando ili ukatukanwe tena! Lakini nilitaka siku moja tu niwafumbe midomo. Siku moja tu nisiwe wa kwanza kufa. Nikawa nafanya mazoezi baada ya adhuhuri mpaka jua linatua. Nguo za watu zikalala. Uji wa Bi Mkasha ukawa unaungua. Yeye akiniita nasema nakuja, nakuja... halafu nakwenda baada ya robo saa. Hakulalamika. Alikuwa akinitazama tu, na mie nikawa naona hata kutazamwa kunanikera.

Na ulimi wangu ukaharibika. Nilisikia matusi kila siku mpaka siku moja nikayasikia yanatoka kinywani mwangu, laini kabisa, kama niliyozaliwa nayo. Nikishindwa napiga meza ya cherehani na kutukana. Mimi! Mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani!

Ikaja siku ya Jumatatu.

Jumatatu ile, baada ya alasiri, kwa mara ya kwanza nilifika mbali. Komando alikufa. Chui akafa. Tukabaki mimi na Raya, na timu moja tu ya wapinzani. Nilijificha ndani ya nyumba moja ya humo, bunduki naielekeza mlangoni. Raya ananinong'oneza, "Tulia, Zuwena, wanakuja." Komando na Chui wamenyamaza wananitazama. Mara ya kwanza wamenyamaza!

Bi Mkasha akaita kutoka kitandani kwake. "Zuwena, mwanangu..."

Nikamwambia nakuja.

"Zuwena, nimebanwa."

Sikumjibu.

"Zuwena, njoo mama, nimebanwa sana..."

Niligeuza uso kumtazama, na nukta ile ile risasi zikamiminika. Nikafa. Ndipo nikapiga ukelele. Maneno yenyewe nayaandika kama yalivyo, ili mjue mnayemsoma ni mtu wa namna gani:

"Jikojolee! Kila saa weye tu, kila saa weye! Kwani hufi nikapumzika?"

 Humo simuni wakaangua kicheko. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Walisikia yote.

Nikainuka. Bi Mkasha alikuwa amejikojolea. Kageuza uso ukutani, na mkono wake mzima umeshika kanga anajaribu kufunika pale palipolowa. Akanambia, "Nisamehe, mwanangu. Sikuweza kuzuia."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Na mie nilifanya nini? Nilimpigia magoti? Nililia? La. Nilimbadilisha shuka haraka haraka, kwa mikono ya hasira, nikamgeuza kama gunia... na nikarudi kwenye simu kuanza mchezo mwengine. Hapo ndipo ninapojisikia kichefuchefu kila nikumbukapo. Neno lilinitoka kwa ghadhabu, lakini kurudi kule nilirudi kwa miguu yangu mwenyewe.

Alhamisi Faki alirejea nyumbani kabla ya adhuhuri. Haikuwa kawaida yake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaubusu mkono wake. Kisha akaniita chumbani, akafunga mlango, akabonyeza simu.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nikasikia "kwani hufi nikapumzika". Nikasikia na vicheko. Mtu alikuwa amerekodi, ameipa jina Mzigo wa Pemba, na ilikuwa imeshazunguka Unguja nzima kabla ya kuvuka kuja kwetu.

"Ni weye?" akaniuliza.

"Ni mie."

"Wenzangu kazini wameifungua tukinywa chai. Watu wote wamecheka." Akaiweka simu kitandani. "Na mie nimecheka, Zuwena. Mwanzo sikukujua, hujapata kuzungumza hivyo mbele yangu. Nimecheka mpaka niliposikia sauti ya mama nyuma yako."

Akaniuliza tena:

"Hino ni ya siku gani?"

Nikamwambia Jumatatu.

"Jumatatu mama kanambia kajikojolea usingizini. Kanambia Zuwena hana kosa, kamtunza vizuri. Kakusitiri!" Hakupandisha sauti. Bora angenipiga.

Siku ile ile alimchukua mama yake kumpeleka kisiwani Makoongwe kwa wifi yangu Mize, dada yake Faki. Mimi alinirejesha Mtambile. Baada ya wiki moja alikuja na ami yake, akanitamkia talaka moja mbele ya baba yangu. Baba hakumuuliza sababu. Alikuwa ameshaisikia. Watu walishamtumia na yeye.

Nilimpigia Raya. Mle timuni ni yeye tu niliyemjua hata nimuulize. Wala hakukataa. Alisema ana mazoea ya kurekodi michezo yetu na kuirusha kwenye kundi lake ili watu wacheke, na tangu wiki ya kwanza alikuwa akinirekodi mie. Tangu wiki ya kwanza! Kila nilipolia, kila nilipouliza njia, watu nisiowajua walikuwa wananicheka majumbani mwao. Nikamwambia kanivunjia nyumba. Akanijibu:

"Mie nimerekodi tu, Zuwena. Maneno si yako?"

Nilimtukana mpaka akakata simu. Lakini alisema uongo wapi?

Mngedhani nimeshajifunza. Bado! Nikiwa ndani ya eda, nimekaa kwetu sina kazi, sina mume, siku moja mchana nikaifungua tena ile gemu. Nilijidanganya kwamba nataka kuisahau dunia. Nikatiwa timu ya watu nisiowajua, na ndani yake mlikuwa na mwanamke mgeni. Nilijua ni mwanamke kwa sauti yake. Anauliza, "Samahani, bunduki inaokotwaje?" Hakuna anayemjibu. Akatuzibia mlango, nikauawa kwa sababu yake.

Nikamwambia, "Toka hapa, mzigo! Nenda kapike!"

Wenzangu wakacheka. Walicheka kwa kunisifu... na mimi nikafurahi. Nilifurahi, jamani! Kwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi. Kisha yule mwanamke akasema polepole, "Haya, samahanini," akajitoa.

 Nilitoka nje nikatapika kweli kweli, si kwa mfano. Niliporudi niliifuta gemu, na sijairudisha tena. Kumbe yale matusi hayakuwa ya Komando wala ya Chui peke yao. Nilikuwa nimekula uchafu wao mpaka nikawa nautapika mie juu ya watu wengine.

Eda ikaisha. Faki hakunirejea.

Wiki iliyofuata nilivuka kwenda Makoongwe. Nilikuwa sitaki mume, nilitaka radhi tu. Mize alinifungulia mlango bila ya kunikaribisha, akanionesha chumba kwa kidevu. Bi Mkasha alikuwa ameketi akiegemea mito, amepungua mwili. Nilimpigia magoti. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Nikamwambia, "Bi Mkasha, nimekuja kukuomba radhi, duniani na akhera."

Akanishika kichwa kwa mkono wake mzima. "Nshakusamehe, mwanangu. Nilikusamehe siku ile ile. Nisingekusamehe ningemwambia Faki."

Moyo wangu ukafunguka! Nikainua macho, nikaona uji umemdondokea kidevuni na kifuani. Kwa mazoea nikachukua kitambaa nimfute, kama nilivyomfuta siku zote. Akauzuia mkono wangu, taratibu, bila ya hasira.

"Mwachie Mize," akasema. "Kukusamehe nimekusamehe. Lakini weye usinishike tena."

Mize akaingia, akakichukua kitambaa mkononi mwangu. Nikasimama pembeni nikatazama mtu mwengine akifanya kazi yangu. Bi Mkasha alifumba macho alipokuwa akifutwa, ametulia. Mimi hakunitazama tena mpaka nikaondoka.

Msamaha niliupata, wasomaji wenzangu. Mnaweza kuniambia kwa nini hautoshi?

Sasa nashona sare za wanafunzi hapa Mtambile. Kuna wateja wakiingia wananisalimu kwa heshima, na wakitoka nje nasikia "kuno, kuno" ya rekodi za Raya, na kicheko. Simlaumu mtu. Gemu yenyewe hainiudhi kama ninavyojiudhi mwenyewe, ingawa nikiona mtu ameinamia simu anabonyeza kwa vidole viwili, mwili unanisisimka kwa kinyaa.

Ninawaomba, na nyinyi mlio mafundi wa gemu na nyinyi mnaoanza leo. Fundi, mgeni akiuliza, mwelekeze, na kama huwezi basi nyamaza. Hujui amekaa wapi na matusi yako atakwenda kumtemea nani. Nawe mgeni, ukiona mahali huwezi kukaa ila utukanwe, toka mapema. Toka ungali na aibu, kwa maana aibu ikishakutoka hutojua tena la kusema na la kumeza. Shoga anayekucheka pamoja na wanaokutukana, huyo si shoga, hata kama mlikula naye sahani moja.

Na kama nyumbani kwako kuna mgonjwa anayekuita kwa jina lako, mwitikie mara ya kwanza. Usingoje aite mara tatu.