Kilo Tano za Barafu

"Mwiba, mzigo umetoka. Land Cruiser nyeupe, inaelekea uwanja wa ndege."

"Naiona, Mkuu," Mwiba aliijibu redio.

Mwiba alikanyaga mafuta. Kando yake injinia wa maabara, aliyeibiwa chupa yake, alikumbatia kisanduku cha joto. Kitupu.

"Chupa ina nini hasa?"

"Seli za saratani ya dada yangu. Miezi kumi na minane nazibana kwa mashine, kidogo kidogo, kama mwili unavyozibana. Nilibakiza wiki moja nijue ni nguvu gani inaifanya saratani ihame."

"Si atakupa nyingine?"

"Tulishamzika."

Mwiba alibadilisha gia.

"Zinataka joto la mwili," injinia aliongeza. "Mimi huibeba chupa kwapani."

Mwiba akashika redio. "Mkuu, hawa jamaa kawaida yao kuiba nini?"

"Chanjo. Huzisafirisha kwenye barafu."

Injinia alifumba macho.

Land Cruiser ilikwama nyuma ya lori la kokoto. Mwiba aliigonga ubavuni, akashuka na Glock mkononi.

"Mikono juu!"

Dereva alitii. Jamaa wa kiti cha nyuma, kitambi mbele, alinyanyua sanduku jeupe kwa adabu zote.

"Taratibu, mama. Tumeutunza. Barafu kavu kilo tano! Sisi si wahuni."

Moshi mweupe ulitoka kwenye kifuniko. Injinia alikaa chini, palepale kwenye lami.

"Mnunuzi tumemnasa uwanja wa ndege," redio ilikoroma. "Tiketi mkononi."

Hakuna aliyeshangilia.

Maabara, saa saba mchana. Barafu ndani ya chupa ilikuwa imeyeyuka. Injinia aliinamia hadubini hadi shingo ikakakamaa.

"Seli hai hushika sakafu ya chupa. Hizi zinaelea."

"Zote?"

Injinia aliisogeza chupa kidogo chini ya lenzi.

"Kuna moja pembeni. Sijui imeshika au imenasa tu."

"Utajua lini?"

"Kesho. Na usinitie moyo, tafadhali."

"Wala sikukusudia."

Injinia aliirudisha chupa kwenye kabati la joto, akaufunga mlango polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Nyuzi thelathini na saba. Akavuta kiti, akakaa kuulinda.

Mwiba alichomeka bastola, akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi.

"Mwiba, ripoti."

"Mzigo umerudi."

"Salama?"

Aliendelea kutembea.

"Nimesema umerudi, Mkuu."

Akazima redio.