Kitufe na Ndoto za Mbu

Hadithi hii ni kweli tupu, haijatiwa chumvi hata punje. Babu, fundi magodoro mstaafu, ameiapia kwa masharubu yake.

Mchana mmoja alijinyoosha kwenye godoro la sufi, mjukuu wake Kitufe ubavuni. Nyuzi za sufi zilielea chumbani kama mawingu yaliyopotea njia. Miguu ya Kitufe ilijaa vipele vya mbu, ikimwasha, naye akataka kujua ndani ya vipele hivyo mna nini.

"Ndoto," babu akasema, kope zikimlemea. "Mbu huzijaza kama nilivyokuwa nikijaza sufi. Nikidanganya, ninyolewe masharubu."

Akasinzia, akaota anashona mawingu. Alisahau kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Kitufe: ukitaka kujua godoro limejazwa nini, fumua mshono.

Alipozinduka, Kitufe alikuwa amejikuna mpaka kipele kimoja kimechubuka, kinavuja damu.

"Babu, hiki hakina ndoto," alisema. "Nifumue kingine?"

Usingizi ukamruka babu. Akakimbilia kopo la mafuta ya taa ampake. Jirani yao muuguzi, aliyekuwa akianua nguo uani, akamwahi mlangoni.

"Weka chini, mzee wangu. Huyo ni mtoto, si kandili."

Akamwelekeza taratibu. Aioshe miguu kwa maji safi na sabuni, kisha akifunike kidonda kwa kitambaa safi. Vipele vingine avikande kwa kitambaa cha maji baridi, muwasho utatulia. Kucha azikate ziwe fupi, maana uchafu wake ndio huleta usaha. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka au mtoto akipata homa, wasingoje, waende zahanati. Na kila usiku, chandarua.

"Na ndoto je?" Kitufe akauliza.

Babu akatazama dari. "Hazimo," akasema kwa sauti ndogo.

Tangu hapo, muwasho ukianza, babu alikanda. Vipele vikanywea, kidonda kikakauka. Kitufe akawa analala fofofo ndani ya chandarua cheupe, kama aliyemezwa na wingu.

Asubuhi moja alimletea babu kigoda na povu la sabuni. Nyuma yake alisimama muuguzi na wembe.

"Uliapa, babu."

"Basi upande mmoja tu."

"Pande zote."

Babu akaketi, akainua kidevu. Masharubu meupe yakadondoka polepole kama sufi. Kitufe akayaokota, akayapuliza.

"Babu, haya yalikuwa na nini ndani?"

Babu akafungua kinywa, akauona wembe bado uko karibu, akakifunga.